Cádiz, Mji wa Milango

Kila mwanafunzi amesikia darasani habari za Christophe Colomb, aliyevuka bahari mwaka 1492 akafika Amerika. Lakini si wengi wanaojua jina la bandari aliyotoka alipokwenda mara ya pili. Ilikuwa tarehe 25 Septemba 1493, na safari hiyo merikebu zake hazikuwa 3 tena, bali 17, zimejaa watu, farasi na mbegu. Bandari ile ni Cádiz, mji wa kusini wa Hispania, ukingoni mwa Bahari ya Atlantiki.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Bukavu. Kazi ilinipeleka Sevilla, na ilipokwisha nikapata siku tatu za kuutembelea mji huo. Nataka kuwasimulia niliyoyaona huko, hasa jambo moja lililonifuata katika kila njia niliyopita, nalo ni mlango.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna desturi njema ya kuita mahali bahari inapopita kati ya nchi mbili mlango wa bahari, na mahali mto unapoingia baharini mlango wa mto. Cádiz uko kati ya vyote viwili. Kaskazini yake uko mlango wa mto Guadalquivir, na kusini uko mlango wa bahari wa Gibraltar. Na mji wenyewe, kwa muda wa miaka mingi, ulikuwa mlango ambao Hispania ilitokea kwenda Amerika na ambao mali ya Amerika iliingilia Ulaya. Basi, kila mlango una kazi mbili: hufungua na hufunga. Mimi, Mwafrika, nilitaka kujua mlango ule ulimfungulia nani, na ulimfungia nani.

MJI ULIOZUNGUKWA NA MAJI

Kutoka Sevilla gari la moshi huenda zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Karibu na mwisho wa njia nchi inakuwa tambarare kabisa, na huku na huku unaona mabwawa ya kukaushia chumvi. Kisha ardhi inapungua, inapungua, mpaka inabaki kama shingo nyembamba yenye maji kulia na kushoto. Wale wanaoijua Bukavu wakumbuke rasi zetu zinavyoingia katika ziwa Kivu. Cádiz umekaa vivyo hivyo, ila maji yake ni ya bahari, nayo hayana ng'ambo inayoonekana.

Mji wa kale ni mdogo. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuuzunguka wote asubuhi moja. Njia zake ni nyembamba, na nyumba zake ni ndefu, zimeegemeana kama watu wanaojikinga na upepo. Ukisogea karibu na ukuta uliopoteza chokaa yake utaona kwamba jiwe lenyewe limejaa makombe ya baharini. Ni jiwe la pwani ile ile. Mji umejengwa kwa bahari.

Kwenye pembe za njia nyingi nikaona mabomba ya chuma yaliyosimamishwa ardhini. Mwenyeji mmoja akanieleza kwamba ni mizinga ya zamani. Ilipokuwa haifai tena vitani, watu waliipanda penye pembe ili magurudumu ya magari ya farasi yasivunje kuta. Nikamkumbuka nabii Isaya na wale waliofua panga zao kuwa majembe. Hakika mizinga ile imefanya kazi bora kwa kusimama kimya kuliko ilivyofanya ilipokuwa ikinguruma.

Umri wa mji huo ni wa kushangaza. Wafoinike, wale mabaharia wa Tiro wanaotajwa katika Biblia, ndio walioujenga na kuuita Gadir, maana yake mahali palipozungushiwa ukuta. Waandishi wa kale walisema kwamba jambo hilo lilitukia miaka 1100 hivi kabla ya Kristu. Wataalamu waliochimba ardhini wamekuta nyumba za karne ya 9 kabla ya Kristu. Hata hivyo, ni mmoja wa miji iliyokaliwa muda mrefu kuliko yote katika Ulaya ya magharibi. Baadaye wakaja Warumi, na kiwanja chao cha michezo, kilichofunikwa na nyumba kwa mamia ya miaka, kikafumbuliwa mwaka 1980.

Katika nyumba ya makumbusho kuna majeneza mawili ya marumaru yaliyochongwa sura za watu, moja la mwanamume na moja la mwanamke. La mwanamume lilionekana mwaka 1887. Mtaalamu mmoja, Pelayo Quintero, aliamini kwamba lazima liko na la mwanamke, akalitafuta miaka mingi, asilione mpaka akafa. Mwaka 1980 wajenzi walikuwa wakichimba kiwanja ambacho zamani kilikuwa na nyumba ya Quintero. Humo wakalikuta jeneza la mwanamke. Wenyeji wanapenda sana kusimulia habari hiyo. Mimi niliichukua kama shauri: katika mji wa namna hii, jambo unalolitafuta mbali huenda liko chini ya miguu yako.

MINARA YA WAFANYA BIASHARA

Mwaka 1717 mfalme wa Hispania aliihamisha nyumba iliyosimamia biashara yote ya Amerika, akaitoa Sevilla akaiweka Cádiz. Tangu hapo utajiri ukamiminika. Kila mfanya biashara mkubwa akajijengea nyumba yenye mnara juu ya paa, apate kutazama baharini na kuona merikebu zake zikirudi kabla ya wenzake. Hata leo minara zaidi ya 120 ingali imesimama.

Niliupanda mnara wa Tavira, ambao mwaka 1778 ulifanywa kuwa mnara rasmi wa mlinzi wa bandari. Juu kabisa kuna chumba cha giza. Kwenye dari kuna kioo na lenzi, na chini yake meza nyeupe ya mviringo. Mwanga wa nje unaingia kwa kioo kile, unapita katika lenzi, na juu ya meza inatokea picha ya mji wote, nayo ni picha hai: nguo zinapepea kwenye kamba, ndege wanaruka, watu wanatembea, meli inaondoka bandarini polepole. Walimu wa elimu ya maumbile watafurahi kuwaeleza wanafunzi wao siri yake, kwa maana ndiyo asili ya kamera zetu zote.

Nikiwa mle gizani nilijiuliza: mlinzi wa zamani aliona nini hapa? Aliona fedha kutoka Meksiko na Peru, kakao, tumbaku na sukari. Aliona divai, mafuta ya zeituni na nguo zikiondoka. Na walioikata miwa ile ni nani? Wengi walikuwa watu wetu, Waafrika waliokamatwa na kuvushwa bahari. Mwaka 1765 wafanya biashara wa Cádiz waliunda kampuni iliyopewa na mfalme ruhusa ya kupeleka watumwa Waafrika katika makoloni yake ya Amerika, nayo ilifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1779. Tena hawakuwa ng'ambo ya bahari tu. Katika karne ya 17 na ya 18 Waafrika watumwa walikuwamo ndani ya Cádiz yenyewe, katika nyumba za matajiri, bandarini na jikoni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanya biashara wale waliijua hekima hiyo, na daftari zao zilikuwa safi. Nilipokuwa Sevilla niliitembelea nyumba kubwa iliyowekwa tangu mwaka 1785 kutunza maandishi ya Amerika. Humo mna karatasi nyingi kupita kiasi, na katika daftari za biashara ya namna ile mtu aliandikwa kama bidhaa: mwanamume au mwanamke, umri, bei. Jina alilopewa na mama yake halikuhesabiwa kuwa na thamani.

KANISA LA MIAKA 116

Kanisa Kuu la Cádiz linatazama bahari. Kuba yake imefunikwa vigae vya manjano, na jua la jioni likiipiga inang'aa kama dhahabu, hata mabaharia huiona toka mbali. Ujenzi ulianza mwaka 1722 na kumalizika mwaka 1838, yaani miaka 116. Waliochimba msingi hawakuona mwisho wa kazi. Ukitazama kuta utaona historia ya mfuko wa mji: chini kuna marumaru ya thamani, na kadiri unavyoinua macho mawe yanakuwa ya bei ndogo zaidi. Fedha ya Amerika ilipungua kazi ikiwa haijaisha.

Ndani yake chumvi ya bahari imekula mawe ya dari, na vipande hudondoka. Kwa hiyo wametandaza nyavu juu, chini ya matao, zikamate vipande hivyo visiwaangukie watu. Nilikaa kwenye benchi nikazitazama nyavu zile muda mrefu. Kumbe mahali ambapo mitume walikuwa wavuvi, hata kanisa nalo limehitaji nyavu.

Msomaji mmoja ataniuliza: Je, kanisa lililojengwa kwa faida ya biashara kama ile, sala yake inafaa nini? Mimi pia niliuliza. Nikamwona bibi kizee ameinama mbele ya taa ndogo, rozari mkononi, midomo ikitembea bila sauti. Sala ya bibi yule ilikuwa sala kweli. Hakuna tajiri aliyekufa anayeweza kuinunua, wala dhambi yake haiwezi kuifuta. Lakini ni haki pia kwamba anayesifu kuba ile ajue gharama yake yote, wala si ile ya vigae peke yake.

Na hapa nilipata kile nilichokuwa nikikitafuta, chini ya miguu, kama jeneza la Quintero. Katika Hispania ya kusini Waafrika, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na vyama vyao wenyewe vya ibada. Kimoja cha Sevilla kilianza mwishoni mwa karne ya 14, nacho kingali hai hata leo, ingawa washiriki wake sasa ni Wahispania. Katika Cádiz pia vilikuwako vyama vya namna hiyo. Ndani yake watu wetu waliwatazama wagonjwa wao, wakazika maiti zao kwa heshima, wakabeba sanamu za watakatifu wao njiani siku ya sikukuu. Mtu ambaye katika daftari hakuwa na jina, katika chama chake alikuwa ndugu. Kule sokoni mlango ulifungwa kwa kufuli. Huku walisukuma kwa bega mpaka ukapata ufa.

Jambo lingine litawagusa Wakongomani. Kaskazini kidogo ya Cádiz, penye mlango wa mto Guadalquivir, kuna bandari ya Sanlúcar de Barrameda. Mwaka 1645 mapadri Wakapuchini wa kwanza waliotumwa katika ufalme wa Kongo waliondoka huko, mkubwa wao akiwa Padri Bonaventura wa Alessano, wakafika Mpinda, penye mlango wa mto Kongo, mwezi wa Mei wa mwaka ule ule. Mfalme Garcia wa Pili ndiye aliyetawala wakati ule. Pwani moja, basi, ilitoa mapadri na pia ilitoa merikebu za watumwa. Anayetaka kusimulia historia na asimulie zote mbili, wala asichague ile inayompendeza.

SIKU BAHARI ILIPOPANDA

Katika sehemu ya mji iitwayo La Viña, wanamokaa wavuvi na watu wa kazi, nilionyeshwa alama inayotaja mahali maji yalipofika tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi ardhi ilitetemeka, tetemeko lile lile lililoubomoa mji wa Lisbon. Baadaye bahari ikajiinua, ikaupiga ukuta wa mji na kuingia katika njia za La Viña.

Wenyeji wanasimulia kwamba padri alitoka kanisani amebeba bendera ya Bikira Maria wa Palma, akaenda kuyakabili maji, akaisimika bendera njiani na kumwomba Mama yetu yasipite hapo. Maji yakasimama, kisha yakarudi. Kila mwaka tarehe hiyo watu wa La Viña hutembea kwa maandamano na kushukuru.

Lakini ipo habari nyingine ya siku ile, isiyosimuliwa sana. Watu wengi waliojaa hofu walitaka kukimbia kwa njia ya nchi kavu, ile shingo nyembamba niliyowaeleza. Mtawala wa mji akaamuru malango ya upande huo yafungwe. Watu walilia na kumlaani. Kumbe bahari ilikuwa imeivuka njia ile kutoka upande hata upande, na waliokwisha kutoka wengi wao walikufa maji. Mlango uliofungwa siku ile uliokoa roho za watu. Nikajifunza kwamba mlango uliofungwa si mbaya daima. Tunapaswa kuuliza unafungwa kwa ajili ya faida ya nani.

SHERIA YA SIKUKUU YA MTAKATIFU YOSEFU

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Filipo Neri. Ni kanisa lenye umbo la yai, na ukuta wake wa nje umejaa vibao vya ukumbusho. Sababu ni hii. Mwaka 1808 Napoleon alikuwa amelivamia taifa la Hispania na kumkamata mfalme wake. Cádiz ulizingirwa na Wafaransa tangu mwaka 1810 mpaka 1812, lakini haukutekwa. Ndani ya mji huo uliozingirwa wakakutana wajumbe wa Hispania na wa makoloni yake ya Amerika, wengi wao mapadri, wakaandika sheria kuu mpya. Ilitangazwa tarehe 19 Machi 1812, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Ndiyo sababu watu wakaipa jina la utani La Pepa, kwa kuwa katika Hispania anayeitwa José huitwa pia Pepe.

Sheria ile ilikuwa na vifungu 384. Ilisema kwamba taifa si mali ya mtu mmoja wala ya ukoo mmoja. Ilisema kwamba Wahispania ni wote, wa pande zote mbili za bahari. Wakati wake lilikuwa jambo kubwa, na Wahispania wanajivunia haki yao.

Walakini kifungu cha 22 kinamhusu Mwafrika. Kinasema kwamba mtu huru ambaye asili yake, kwa upande wa baba au wa mama, hata kwa babu wa mbali, ni Afrika, yeye si raia kama wengine. Aweza kuwa Mhispania, lakini hana haki za uraia. Amebakiziwa mlango mmoja, na neno hili mlango si langu, limo katika sheria yenyewe: mlango wa fadhila na stahili. Apitaje? Awe ameitumikia nchi kwa namna ya pekee, au aonyeshe akili, bidii na mwenendo mzuri. Tena wazazi wake wawe wamefunga ndoa halali nao wawe watu huru. Mke wake pia awe mtu huru. Akae katika nchi za Hispania. Awe na kazi yake ya kufaa, na mtaji wake mwenyewe. Hapo ndipo aweza kuomba karatasi ya uraia. Na walipohesabu watu ili kugawa viti vya wajumbe, wenye asili ya Afrika hawakutiwa katika hesabu. Watumwa, wao hawakuulizwa kitu.

Nilisimama mbele ya vibao vile na kufikiri: Mtoto wa mfanya biashara aliyezaliwa Cádiz, awe mvivu, awe mlevi, yeye ni raia kwa kuzaliwa. Mwafrika aliyezaliwa nyumba ya pili alidaiwa fadhila kwanza. Fadhila ni kitu kitakatifu. Lakini ukimdai mmoja na kumsamehe mwingine, umeigeuza kuwa kufuli.

Ni lazima niseme pia lililo jema. Kati ya wajumbe wale alikuwako padri wa Meksiko, José Miguel Guridi y Alcocer, mjumbe wa Tlaxcala. Mwaka 1811 alisimama akapendekeza kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe, na kwamba watoto wa watumwa wazaliwe huru. Mjumbe mwingine, Agustín Argüelles, naye alisema biashara hiyo ipigwe marufuku. Wenye mashamba ya miwa katika Cuba wakapinga kwa nguvu. Mashauri yakapelekwa katika kamati, na humo yakalala. Katika Cuba, iliyokuwa chini ya Hispania, utumwa ulikwisha mwaka 1886 tu, miaka 75 baada ya padri yule kusimama. Nilizungukazunguka nikiwa na jina lake midomoni. Wanafunzi, lihifadhini: Guridi y Alcocer. Alishindwa, lakini hakunyamaza.

MLANGO WA SASA

Jioni ya mwisho nilikwenda La Caleta, pwani ndogo iliyo kati ya ngome mbili. Watoto walikuwa wakiogelea, na mashua za wavuvi zimelala upande mmoja juu ya mchanga, kwa maana maji yalikuwa yamekupwa. Kijana mmoja wa Senegal alikuwa akiuza bangili na mishipi. Aliponiona akaniamkia kwa Kifaransa, kwa heshima, kama kijana amwamkiavyo mzee wake.

«Baba, umetoka wapi?»

«Nimetoka Kongo, mwanangu.»

«Ulikuja kwa ndege?»

«Kwa ndege.»

Akatabasamu. «Mimi nilikuja kwa mtumbwi mkubwa, siku nane baharini mpaka visiwa vya Canarias. Siku ya tano maji ya kunywa yalikwisha.»

Nikamwuliza kama amepata karatasi za kukaa. Akajibu: «Nangoja, baba. Lazima nionyeshe kwamba nimekaa miaka ya kutosha, kwamba sina kosa kwa polisi, na kwamba yuko mtu atakayeniandika kazi. Kosa sina. Miaka inajihesabu yenyewe. Mtu wa kuniandika ndiye ninayemtafuta.»

Sikumweleza habari za kifungu cha 22. Sisemi kwamba sheria za leo ni sawa na ile ya 1812. Leo hakuna anayenyimwa uraia wa Hispania kwa sababu babu yake alikuwa Mwafrika, na kila taifa lina haki ya kuweka taratibu mlangoni pake. Lakini nilipomsikia akihesabu masharti kwa vidole, masikio yangu yalikuwa yameisikia hesabu hiyo mchana ule ule.

Kutoka pwani ile, ukienda kusini, unafika Tarifa, mahali ambapo mlango wa bahari ni mwembamba kuliko pote: kilometa 14 tu kati ya Ulaya na Afrika. Tarehe 1 Novemba 1988 mashua iliyobeba watu waliotoka Moroko ilizama karibu na pwani yake, na maiti zikatupwa mchangani. Tangu siku hiyo maelfu wamekufa katika njia za bahari ziendazo Hispania. Tazameni tarehe: tena ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwaka 1755 siku hiyo maji yalisimama njiani La Viña. Mwaka 1988 hayakusimama. Siwezi kuwapa maelezo ya jambo hilo. Nawaomba tu kwamba siku hiyo ikifika, tunapowaombea marehemu wetu, tuwakumbuke na wale wasio na kaburi linalojulikana.

Kabla hatujaagana nilinunua bangili moja, nikamwombea heri. Naye akaniambia: «Salimia nyumbani.» Hakusema nyumbani kwako wala nyumbani kwangu.

NASI JE?

Wasomaji wapendwa, ni rahisi kusoma habari hizi na kuwanyoshea kidole Wahispania wa zamani. Lakini mimi ni mtu wa Kivu, na siwezi kumaliza hapo. Sisi pia tunakaa penye milango. Ziwa letu lina ng'ambo, na njia zetu zinapitwa na watu wanaokimbia vita, wamebeba magodoro na watoto. Wamekuja miaka mingi, na wanakuja hata sasa. Wakifika, tunawauliza nini?

Mtu wa kabila letu akiiba, tunasema: fulani ni mwizi. Mgeni akiiba, tunasema: hao ndivyo walivyo. Mtoto wetu akikosa adabu ni utoto. Mtoto wa mkimbizi akikosa adabu ni damu yake. Kijana wetu tunampa mchumba bila kumuuliza babu yake alizaliwa wapi; kijana wa mgeni tunamchimbia ukoo mpaka vizazi vitatu. Hakuna bunge lililoandika sheria hiyo, wala haikutangazwa siku yoyote. Lakini kifungu cha 22 kimo katika midomo yetu, na pengine kimekaa humo muda mrefu kuliko kilivyokaa katika karatasi ya Cádiz. Kwa maana mfalme aliyerudi aliifuta sheria ile yote mwaka 1814.

Wazazi, watoto wanasikia tunayosema jioni penye moto. Wanafunzi, katika darasa lenu yuko mmoja aliyetoka mbali, anayekaa nyuma na kuongea kidogo. Msimngoje athibitishe kwanza kwamba anafaa. Mpeni nafasi kwenye benchi, mwulizeni jina alilopewa na mama yake, na mlitamke vizuri.